Kudhibiti mbweha usiku kwenye shamba la kondoo, ukiwa na mbwa wa kuokota

Haya ni ya mashamba ya England na Wales, ambako mbweha mwekundu hana msimu wa kufungiwa: sheria inaruhusu auawe mwezi wowote, na mfugaji humwita mtu mwenye bunduki hasa kati ya Februari na Aprili, kondoo wanapozaa. Usiyabebe kama yalivyo hadi Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na bweha wa huko ni mnyama mwingine kabisa, tena anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Kumtuma mbwa wako akambebe mdomoni ni kumtafutia balaa. Uingereza haina kichaa hicho kwa wanyama wa nchi kavu, ndiyo maana kazi hii inawezekana kule.

Kwanza hakikisha mbweha ndiye mkosaji. Mchune mwanakondoo aliyekufa. Ukikuta damu imevilia chini ya ngozi kwenye alama za meno, alikuwa hai alipoumwa. Ngozi ikiwa safi kwa ndani, alikufa kwa baridi au njaa na mbweha akaja kula mabaki tu. Macho na ulimi vikiwa vimedonolewa, hiyo ni kazi ya kunguru. Mbweha wengi wanaoonekana kati ya kondoo wanaozaa wamefuata kondo la nyuma, na kumpiga asiye na hatia hakumwondoi anayeua.

Jambo la pili ni watoto. Mbweha jike huzaa Machi au Aprili chini ya ardhi. Ukimuua anayenyonyesha, watoto wanabaki shimoni wafe njaa. Kama hakuna wanakondoo wanaouawa wakati huo, subiri. Usiku mzuri kuliko yote huja baadaye, nyasi zikishakatwa mwanzoni mwa kiangazi, mbweha anapotoka kutafuta panya kwenye uwanja mtupu.

Karatasi kabla ya risasi

Kibali cha polisi cha kumiliki bunduki ya risasi kiwe kinataja mbweha, na uwe na ruhusa ya mwenye shamba kwa maandishi. Kabla ya kutoka, piga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, uwaambie uko shamba gani na gari lako lina namba gani. Jirani akisikia mlio saa tano usiku akawaita, watajua. Kuhusu mbwa, sheria ya mwaka 2004 inakataza kuwinda mamalia wa porini kwa mbwa. Mbwa anayeokota mbweha aliyekwisha kufa hawindi. Anayeachiwa amkimbize mbweha mzima ni kesi mahakamani. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2023, isome kivyake.

Bunduki na macho

Kaliba ya .223 yenye risasi ya kupanuka ya greni 50 hadi 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inatosha kabisa. Irekebishe igonge palepale unapolenga kwa mita 100, na ujue kwamba kwa mita 200 itakuwa imeshuka karibu sentimita 10. Usiku jiwekee ukomo wa mita 150. Ile .22 ndogo ya sungura ni ya mita 50 tu kwa mbweha, na wengi wanaojeruhi badala ya kuua wanaitumia kwa 90. Kizuia sauti si anasa, kwa sababu mbwa yuko karibu na masikio yake yanaumia kabla ya yako.

Kamera ya joto ya mkononi ndiyo inayotafuta. Tochi au darubini ya usiku ndiyo inayothibitisha. Usichanganye kazi hizi mbili. Kwenye kamera, kondoo aliyelala, sungura mkubwa, paka wa shamba na mbweha wote ni madoa meupe. Tazama mwendo: mbweha hutembea kwa mstari, husimama, huinamisha kichwa kusikiliza. Mkia wake huonekana hafifu kuliko mwili kwa sababu manyoya mazito yanazuia joto. Kisha thibitisha kwa mwanga. Beja, mnyama wa jamii ya nyegere mwenye mistari usoni, analindwa na sheria ya mwaka 1992, na kwa mbali mgongo wake kwenye kamera huwadanganya hata wazoefu. Kama huna uhakika wa asilimia mia, kidole kisiguse kifyatulio.

Kuna kosa moja ambalo kamera na darubini huzalisha. Darubini imekaa sentimita 4 au 5 juu ya mtutu. Ukiegemea boneti ya gari au ukingo wa geti, wewe unaona uwanja mtupu mbele, lakini mtutu unatazama bati. Shimo kwenye boneti ni la kuchekesha. Risasi iliyogonga chuma cha geti ikaruka pembeni si ya kuchekesha. Kabla ya kufyatua, inua kichwa, tazama mtutu kwa jicho tupu. Shina moja la nyasi kavu lisiloonekana kwenye picha ya joto nalo laweza kupindisha risasi hiyo nyepesi.

Nyuma ya mbweha lazima kuwe na udongo. Ua wa vichaka si ukuta, na anga ndiyo mbaya kuliko vyote: risasi ya .223 husafiri zaidi ya kilomita 3. Pita shambani mchana, chora nyumba, barabara, njia za waenda kwa miguu na mahali kondoo watakapolala. Kondoo huhama, kwa hiyo rudia kuangalia kabla ya kila risasi.

Kumkaribia

Kaa upepo ukikupiga usoni. Mbweha anayeitwa kwa mlio wa kuigiza sungura huzunguka ili aje na upepo kutoka kwako, hivyo acha upande huo ukiwa wazi, bila ua wala shimo la kumficha. Mlio wa sungura anayelia unapatikana kwa kubusu mgongo wa kiganja chako kwa nguvu. Kipande cha plastiki ya povu kikisuguliwa kwenye kioo cha gari hufanya kazi vilevile. Ita kwa sekunde kumi, nyamaza dakika mbili. Anayeita mfululizo hufundisha mbweha wa eneo lote kwamba sungura huyo hafi.

Ukitumia tochi, tumia mwanga mwekundu, na usimmulike katikati. Mguse kwa ukingo wa duara la mwanga tu, mpaka mpigaji awe tayari. Mbweha aliyewahi kukoswa chini ya tochi hugeuka akiona mwanga wa kwanza, na huyo utamsumbukia mwaka mzima. Ni afadhali kumwacha kuliko kubahatisha.

Lenga kifua, nyuma kidogo ya bega, akiwa amesimama upande. Kichwa ni kidogo na hakitulii.

Baada ya mlio

Hapa ndipo kazi huharibika. Kumpiga mbweha ni jambo la sekunde moja. Kumpata kwenye nyasi za magotini, gizani, ni jambo la saa nzima ukikosea dakika ya kwanza. Na lazima apatikane. Huenda amejeruhiwa tu. Hata akiwa amekufa, mzoga ukiachwa kwenye nyasi zitakazofungwa marobota, sumu ya botulini inaweza kuota ndani ya robota na kuua ng'ombe au farasi miezi baadaye.

Tia risasi nyingine, baki kwenye darubini, usisogee. Sikiliza: risasi iliyoingia mwilini hurudisha mlio mzito, kama kofi kwenye gunia la unga. Chagua alama nyuma ya mahali alipoangukia, mti au nguzo, na usome umbali kwa kipima umbali ukiandike. Ning'iniza kitambaa au taa ndogo pale ulipopigia. Darubini huvuta mambo karibu, hivyo wanaokwenda kutafuta husimama mapema: wanahangaika kwenye mita 80 wakati mbweha yuko 120. Ukiwa na taa nyuma yako na alama mbele, unatembea kwenye mstari na unahesabu hatua.

Subiri dakika mbili au tatu ukimtazama. Joto la mwili si dalili ya uhai. Mzoga hung'aa kwenye kamera kwa muda mrefu. Kinachotafutwa ni mwendo wa ubavu, sikio, mguu. Akitikisika, maliza kwa risasi ya pili kutoka hapohapo. Usimtume mbwa kwa mbweha aliye hai. Meno yake hupasua mdomo, na mbwa aliyeumwa mara moja huenda asiguse mbweha tena maisha yake.

Kisha, kabla mlango wa gari haujafunguliwa: bunduki iwe tupu, chemba wazi, wote wameona. Kwenye kamera ya joto, mbwa anayekimbia na mbweha anayekimbia ni kitu kimoja. Mbwa avae ukosi wenye taa. Kumbuka pia uzio wa umeme: mbwa akipigwa shoti akiwa na mbweha mdomoni, atalaumu mbweha. Uzime, au umbebe mbwa uvuke naye. Kwenye seng'enge vilevile.

Mbwa alikuwa garini, hakuona lolote, kwa hiyo anafanya kazi kwa pua peke yake. Usimpeleke pale mbweha alipoangukia. Mpeleke hatua ishirini upande ambao upepo unaelekea, ukitoka hapo, kisha mwachie na unyamaze. Anayepiga kelele "tafuta, tafuta" na kukanyaga kila mahali anatandaza harufu. Dakika tano zikipita bure, sogea kuelekea ua ulio karibu, kwani mbweha aliyepigwa kifuani anaweza kukimbia makumi ya mita akielekea kichakani. Ukikuta manyoya meupe na damu kidogo, risasi ilipita chini tumboni. Mfunge mbwa kamba, tia risasi bundukini, mfuate mbweha taratibu, mwenye tochi akiwa ubavuni mwa mwenye bunduki, si mbele yake. Akiwa ameingia shimoni, mrudishe mbwa. Shimo laweza kuwa la beja, na kumpeleka mbwa chini ya ardhi kwa kazi hii hakuruhusiwi.

Ukimpata, gusa jicho lake kwa kijiti kirefu kabla ya mkono. Jicho lisilopepesa limekufa.

Kumwandaa mbwa

Labrador anafaa, na spanieli pia, lakini tabia ina uzito kuliko jamii. Sharti la kwanza ni kutojali kondoo. Sheria ya mwaka 1953 inamtia hatiani mwenye mbwa anayesumbua mifugo, na kondoo mwenye mimba akikimbizwa hutupa mimba. Mfunze kwa kamba kati ya kondoo mchana, wiki hadi wiki, mpaka awapite kama anapita mawe.

Uzito ndio mtihani wa pili. Mbweha ana kilo 5 hadi 8, na bata aliozoea ana kilo moja. Anza na kifurushi cha turubai cha nusu kilo, nenda kilo 2, halafu 5, na usianze mizigo mizito kabla mbwa hajafikisha miezi 18, viungo vyake havijakomaa. Mchanga wa kile kizito ugawe kwenye ncha mbili, katikati pawe pembamba. Ndivyo anavyojifunza kushika katikati. Akishika mwishoni, mzigo unaburuta, anaukanyaga, anauacha.

Tatu ni harufu, na hapa mbwa wengi hugoma. Wanazunguka, wanakojolea, au wanajigaragaza juu yake. Usigombe. Funga ngozi ya sungura kwenye kifurushi, kisha nusu sungura nusu mbweha, kisha mbweha mtupu. Baadaye mpe mbweha mzima aliyepoa, mchana, kwenye nyasi fupi. Giza na nyasi ndefu vije mwisho. Akigoma, geuka ukimbie ukimwita; wengi huokota kwa hofu ya kuachwa.

Wapo wasiokubali kabisa, na si hasara. Mbwa anayesimama juu ya mbweha na kubweka mara moja, au anayerudi kukuita, ametimiza kazi. Unachohitaji ni kupatikana. Kubeba utabeba mwenyewe.

Nyumbani

Vaa glovu. Mbweha wengi wana upele wa utitiri unaohamia kwa mbwa kwa kugusana, na dalili huanza kwenye masikio, viwiko na tumbo wiki kadhaa baadaye. Ng'oa kupe, mwoshe mdomo, tazama makucha. Chanjo ya homa ya mgunda na dawa ya minyoo ya mapafu vizungumzwe na daktari wa mifugo kabla ya msimu. Mzoga uzikwe kwa kina, mbali na kisima na mfereji, mahali mwenye shamba alipokubali.

Na kama hakupatikana, rudini alfajiri umande ukiwa bado upo. Simameni getini kwanza mtazame juu: kunguru wakishatua mahali pamoja kwenye nyasi, mpelekeni mbwa hapo.