Somo: Kunasa migongano ya mabomba na boriti kabla zege halijamwagwa

Kwa miaka mingi msanifu, mhandisi wa miundo na fundi bomba walichora kila mmoja karatasi yake, na michoro hiyo mitatu ilikutana kwa mara ya kwanza kwenye jengo lenyewe, fundi akiwa ameshika tindo mbele ya boriti iliyokwisha kukauka. Modeli ya kidijitali ya jengo, yaani jengo zima lililochorwa kwa pande tatu, huuleta mkutano huo mapema, kwenye kompyuta. Ndani yake ukuta si mistari miwili tena, bali ni kitu chenye unene, kimo na malighafi. Ukiusogeza, ramani ya sakafu, mkato (mchoro wa jengo kama limekatwa wima) na jedwali la vipimo hubadilika pamoja nao.

Hatua ya 1. Kubalianeni nukta moja ya mwanzo, ambapo vipimo vyote vitaanzia, na kizio kimoja cha kupimia kabla mtu yeyote hajachora.

Hatua ya 2. Kila fani itoe modeli yake kwa IFC, muundo huria wa faili unaosomwa na programu za kampuni mbalimbali na uliowekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 16739.

Hatua ya 3. Unganisha modeli, kisha iagize programu itafute migongano. Hapa ndipo penye kazi hasa. Chukua bomba la maji taka lenye mteremko wa 1 kwa 40: likienda mita 6 huwa limeshuka milimita 150, kwa hiyo linaweza kupita juu ya mfereji wa hewa pasipo shida mwanzoni mwa dari, na likaugonga mwishoni, ilhali katika ramani ya karatasi mistari hiyo miwili inapishana tu. Bomba hilo hutegemea mteremko, hivyo huwezi kulipandisha upendavyo. Wa kupisha ni mfereji wa hewa. Programu huweza kuorodhesha mamia ya migongano, mingi ikiwa midogo, kwa hiyo anza na ile inayogusa boriti na nguzo.

Hatua ya 4. Kila mgongano uandikiwe mwenye kuurekebisha na tarehe, kisha ukaguzi urudiwe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, programu isipoona mgongano wowote, je, tumwage zege?

Jibu: La, ndugu yangu. Ukaguzi huu hupima nafasi, haupimi nguvu. Tundu lolote katika boriti sharti liidhinishwe na mhandisi wa miundo. Tena, vali isiyogusana na kitu chochote inaweza kukosa nafasi ya mkono wa fundi, kwa hiyo iwekee nafasi hiyo ndani ya modeli kama kitu kinachojitegemea.

Swali: Na jengo kuukuu lisilo na michoro?

Jibu: Tumia skana ya leza, ambayo hupima nyuso za jengo na kutoa wingu la nukta, yaani nukta nyingi zinazoonyesha umbo la nyuso hizo, la kuchorea modeli. Hata hivyo leza huona uso tu. Nondo na mabomba yaliyofichwa ukutani hutafutwa kwa rada kabla ya kutoboa.