Acha sentimita 5 za kizuizi juu ya ardhi, la sivyo mianzi itaruka

Plastiki ya kuzungushia mianzi isisambae umenunua, vibarua wa kuchimba mtaro umewalipa, kisha ukafukia kila kitu mpaka ukingo wa juu ukapotea, eti bustani ipendeze. Hapo ndipo hela yako yote ilipoingia chini. Kila mvua zikikatika naitwa kwenye nyumba za Iringa na Njombe kuangalia mianzi "iliyotoboa kizuizi". Nikifukua, kizuizi ni kizima, hakina hata tundu. Mwanzi umepita juu yake.

Chanzo chake nakielewa. Huku tumekulia na mianzi ya ulanzi. Kichaka alichogema babu bado kiko palepale, kimenenepa kidogo tu, kwa sababu shina lake la chini ni fupi, nene na limejikunja, na chipukizi jipya hutokea ubavuni mwa mama yake. Mtu akipewa mche wa mwanzi mwembamba wa kufanyia uzio, anaupanda kwa mazoea yaleyale. Kabla hujapanda, shika pingili iliyo juu ya tawi, upitishe kidole gumba. Ukikuta mfereji umeshuka kwa urefu wa pingili, na kila kifundo kimetoa matawi mawili makubwa, huo ni wa jamii ya Phyllostachys na unatembea, yaani husambaa chini kwa chini. Mianzi ya milimani, kama ile ya Mlima Rungwe, haina mfereji huo lakini nayo hutambaa, kwa hiyo uliza mche umetoka wapi. Ukiwa na mianzi ya ulanzi, au ile minene ya njano yenye michirizi ya kijani, ipe nafasi ya mita 3 kutoka ukutani. Hiyo haihitaji plastiki.

Sasa tuongee na mwenye ule unaotembea. Kinachotembea tunakiita mzizi, lakini ni shina linalolala chini ya udongo. Lina vifundo, na kwenye vifundo hivyo kuna macho yanayoweza kuchipua. Sehemu kubwa ya mashina haya hupita ndani ya sentimita 30 za juu. Likigonga plastiki halirudi nyuma. Hufuata ukuta, likipanda au likishuka, likitafuta pa kutokea. Mwaka jana nilipiga magoti kwenye bustani moja, nikafagia kwa mkono majani makavu yaliyolundikana juu ya mpaka. Chini yake kulikuwa na shina jeupe lenye manjano, nene kama kidole, limejipinda mfano wa mpini wa ndoo: limeinuka upande huu, limevuka ukingo uliofukiwa, limezama upande wa pili. Ncha yake ilikuwa ngumu na kali kama msumari. Tulilifuata kwa sururu mpaka kwa jirani, ambako chipukizi lilikuwa limeshatokea kwenye ufa wa sakafu ya kibaraza. Kizuizi kile kilikuwa na kina cha kutosha. Kilichokosekana ni sentimita 5 za juu.

Kwa hiyo pima kwa futikamba, usikadirie kwa mpini wa jembe. Plastiki iwe na upana wa sentimita 75: 70 ziingie ardhini, 5 zibaki nje, zionekane ukiwa umesimama. Unene usipungue milimita 1.5. Ile ya kutandikia bwawa la samaki yenye nusu milimita haifai, na nailoni ya kitalu nyumba ndiyo usiilete kabisa. Bati litaoza. Tofali litapata ufa kwenye saruji, na ufa mmoja unamtosha mwanzi.

Usiisimamishe wima. Ilaze kidogo, sehemu ya juu iende nje, mbali na mianzi, kwa karibu sentimita 15 ukilinganisha na chini. Shina likigonga ukuta uliolala hivyo hupanda juu, nawe unaliona. Ukiilaza kinyume unalielekeza kupita chini, na hapo hutajua mpaka lichipue kwa jirani. Ncha mbili za plastiki zinapokutana zipandane sentimita 30, kisha zibanwe kwa vyuma bapa viwili na nati, kutoka juu hadi chini. Gundi peke yake huachia.

Na jamani, acheni kutupa samadi chini ya mtaro! Mbolea iliyokaa kwenye sentimita 70 inaalika mizizi ishuke huko. Shindilia udongo wa chini uwe mgumu, na samadi uiweke juu tu, karibu na shina.

Ukishamaliza, ukingo huo ni wa kutembelewa. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, fagia majani na udongo juu yake kila baada ya wiki mbili, maana rundo la majani la sentimita 5 linafuta kazi yote uliyofanya. Wiki ya kwanza ya Mei zunguka mzunguko mzima, kata kila shina linaloinama kuvuka. Rudia Oktoba kabla ya mvua. Huna hela ya plastiki? Chimba mtaro wa wazi, upana sentimita 30 na kina sentimita 40, uuache mtupu, na ukaguzi uwe uleule. Mashina yatajitokeza hewani, utayakata kwa panga. Ukiuacha ujae udongo msimu mmoja, huna mtaro tena.

Kichaka kikijaa ndani, na nje ya ukingo pakabaki safi miaka miwili, umefaulu.

Kwa ambao mwanzi umeshavuka: kukata juu mara moja na kuondoka hakusaidii, na kuchoma visiki ni kazi bure, moto haufiki lilipo shina. Kata kwanza kwa beleshi kali kwenye mstari wa kizuizi, ili upande wa nje usilishwe na kichaka mama. Ng'oa kinachong'oleka. Kilichobaki kitachipua. Liache chipukizi lipande, lakini likate kabla halijafungua majani, maana hadi hapo linakula akiba ya chini bila kurudisha kitu. Fanya hivyo kwa kila chipukizi, misimu miwili au mitatu, na usimwagilie upande huo. Vipande ulivyong'oa usivitupe kwenye shimo la mboji wala korongoni. Kipande kimoja chenye jicho hai kinatosha kuanzisha kichaka kingine. Vianike juani, juu ya mawe au bati, mpaka vikivunjwa vilie kama kuni kavu.