Kupanga maonyesho yanayosafiri kuhusu maisha ya nyumbani wakati wa vita

Hivi karibuni nilimsaidia mwenzangu kuandaa maonyesho ya aina hii, yenye vituo vinne. Vitu alikuwa navyo, picha alikuwa nazo, na maelezo ya ukutani yalikuwa tayari. Alichokosa ni mpango wa namna vitu hivyo vitakavyosafiri na kurudi vilivyo. Utaratibu tuliofuata ndio huu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

"Maisha ya nyumbani wakati wa vita" ni mada pana mno kwa makasha manane. Mimi hupenda kuuliza: ni nini kilichoadimika, na watu walifanyaje? Swali hilo huvipa uhai hata vitu vidogo. Sarafu ya heller, fedha ndogo ya koloni la Wajerumani, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 haimshtui mtu mpaka aelezwe kwamba Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, ikabidi zipigwe hapohapo.

Kuwa mwangalifu na tarehe. Vita vya jikoni haviishi siku majenerali wanapotia saini. Uingereza ilianza mgao wa chakula Januari 1940 na kuumaliza Julai 1954. Mkate wenyewe haukuwekewa mgao vita vilipokuwa vikiendelea, bali kuanzia 1946 hadi 1948. Maonyesho yakikomea 1945, vita vilipoisha, utakuwa umemkatiza mama mwenye nyumba katikati ya habari yake.

Hatua ya 2: Kusanya vitu na ruhusa

Kila kitu cha kuazima kiwe na hati ya mkopo yenye tarehe ya kurudishwa, bima, na jina la anayeruhusiwa kufungua kabati. Ahadi ya mdomo sitegemei, hata mkopeshaji akiwa ndugu wa damu. Wazee unaowarekodi nao waulizwe kama sauti zao zinaweza kusikika katika vituo vyote, au pale walipozungumzia tu.

Hatua ya 3: Tenga vitu vya hatari

Barakoa za gesi za Vita Kuu ya Pili ndizo kila mwenyeji wa maonyesho hutaka watoto wazijaribu. Baadhi zina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwenye kichujio, na kwa macho huwezi kujua ni zipi. Asivae mtu, hata kwa ajili ya picha. Ziwekwe ndani ya kabati lililofungwa, au upeleke nakala.

Saa za zamani zinazong'aa gizani huenda zimepakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi. Mng'ao ukifa, mionzi haifi: hupungua kwa nusu baada ya miaka ipatayo 1,600. Risasi na maganda ya mizinga yaliyogeuzwa vyombo vya maua yakaguliwe na mtaalamu wa milipuko kabla ya kuingia ghalani. Filamu za naitreti, yaani za plastiki ya zamani inayowaka upesi, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zisisafirishwe kabisa. Zikishika moto, hata maji hayazizimi. Zipeleke kwa watu wa nyaraka wazinakili, nawe usafiri na nakala.

Hatua ya 4: Ripoti ya hali ya kifaa

Hapa ndipo nilipoumia. Miaka ya nyuma tulirudisha kitabu cha mgao, kile cha kuponi za chakula, kikiwa na mpasuko ukingoni. Mkopeshaji alisema hakikuwa nao. Ripoti yetu ilikuwa na maneno mawili tu: "hali nzuri". Siku tatu nilipiga simu kituo baada ya kituo, mpaka picha aliyoipiga mgeni siku ya ufunguzi ikaonyesha kwamba mpasuko ulikuwepo tangu mwanzo. Mkopeshaji alikubali, lakini imani yake kwetu haikurudi, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo usiandike "nzuri" wala "mbaya". Andika: "mpasuko, milimita 12, ukingo wa kulia, milimita 40 kutoka juu." Piga picha pande zote mbili, rula ikiwa kando pamoja na namba ya kifaa. Kisha piga nyingine ukiwa umelaza taa pembeni, mwanga uteleze juu ya karatasi kama jua la machweo. Mikunjo isiyoonekana kwa mwanga wa juu itajitokeza yote. Tumia penseli. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo.

Ripoti ninayoiamini ni ya karatasi, yenye picha, iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha kasha. Programu za simu nimezijaribu. Simu huondoka na mwenyewe, ilhali karatasi huondoka na kifaa.

Kasha likifika, lisifunguliwe. Liache chumbani saa 24 lizoee joto la mahali hapo, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya chuma na karatasi. Saa hizo ziingie kwenye ratiba tangu siku ya kwanza, kwa maana mwenyeji mwenye haraka ya ufunguzi atakusihi umpunguzie. Usikubali.

Kagua wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, watu wawili, wote watie saini. Karatasi ishikwe kwa mikono safi iliyokauka. Glavu za pamba huzuia vidole kuhisi na ndizo zinazochana kurasa. Vyuma vishikwe kwa glavu za nitrili, aina ya mpira. Pini za chuma kwenye vitabu vya mgao huota kutu: iandike kutu hiyo, lakini usiing'oe pini bila idhini ya mkopeshaji. Kipande kikidondoka, kiweke kwenye bahasha yenye namba, kisha piga simu. Gundi na selotepu hata zisiwemo kwenye sanduku la vifaa.

Hatua ya 5: Mabango, mwanga na makasha

Pima mlango mwembamba kuliko yote katika vituo vyote, ndipo uchore kasha. Mabango ya kitambaa yananifaa kuliko ya mbao kwa sababu mtu mmoja huyabeba.

Karatasi na nguo zisipate mwanga unaozidi luksi 50 (kipimo cha mwanga), na madhara ya mwanga hujumlishwa kituo kwa kituo. Kwa safari ndefu onyesha nakala, na lebo iseme wazi kuwa ni nakala. Pawepo pia kitu cha kushika. Mwenzangu alitengeneza mfano wa kipande cha mkate cha gramu 125, mgao wa siku wa watoto na wategemezi katika Leningrad, mji wa Urusi uliozingirwa na Wajerumani, mwishoni mwa 1941. Watu hukiweka kiganjani, wakanyamaza.

Hatua ya 6: Ratiba

Acha wiki mbili kati ya kituo na kituo. Wiki ya kwanza ni ya safari na ukaguzi. Ya pili ni ya kurekebisha utakachokikuta. Safari ikiisha, kila mkopeshaji apokee kifaa chake pamoja na nakala ya ripoti zote, na atie saini mbele yako kabla hujaondoka.