Namna ya Kudai Njia Salama ya Miguu na Baiskeli Mtaani Kwako

Anayetaka Dar es Salaam ipitike kwa miguu na baiskeli asianze na jiji zima. Achague kipande kimoja cha barabara anachokipita kila siku. Nenda pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukiwa na daftari na futi, kisha kwa muda wa saa moja uhesabu waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na, katika safu yao wenyewe, wanafunzi. Pima upana wa njia, na uandike mahali mfuniko wa mtaro ulipovunjika, bodaboda zinapopanda njia ya miguu na rangi ya kivuko ilipofutika. Tulipohesabu mtaani kwetu, tulimwona mwanafunzi aliyemshika mkono mdogo wake akisogea na kurudi ukingoni mara nne kabla daladala moja haijasimama kuwapisha. Tuliliandika tukio hilo pamoja na saa yake, na kwenye mkutano wa mtaa ndilo lililozungumzwa kuliko hesabu zote.

Kabla ya kuandika barua, jua barabara ni ya nani. Barabara kuu kama Morogoro, Mandela na Kilwa zipo chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ilhali barabara nyingi za mitaani husimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Barua yetu ya kwanza ilikaa miezi katika ofisi isiyohusika.

Hoja ipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ijadiliwe mkutanoni, na muhtasari wenye mhuri uambatishwe kwenye barua, nakala apewe diwani. Peleka nakala mbili masjala ya ofisi inayohusika na barabara hiyo, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya Juni imechelewa. Wakikuambia nafasi haipo, wakumbushe kwamba mradi wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, ulijengewa njia za miguu na baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro.

Wafanyabiashara wa pembezoni washirikishwe mapema, kwa kuwa wateja wao ni hao hao wapitao kwa miguu, na si haki madai yetu yageuke sababu ya kuwafukuza.

Mkandarasi akifika, rudi na futi yako kabla zege halijamwagwa.