Kinyonga Anayekula Udongo, Anayetafuna Majani na Anayegoma Kula

Wafugaji wengi wa vinyonga huanza wakiamini kwamba mnyama huyu ana ulaji usio na mambo mengi: nyenje anaachiwa kizimbani, ulimi unafyatuka, kazi imekwisha. Kwa hiyo siku kinyonga anaposhuka sakafuni na kuanza kulamba udongo, au anapokata kipande cha jani na kukitafuna taratibu, au anapowatazama wadudu wake wakipita bila kujishughulisha nao, mfugaji hushtuka na kukimbilia kubadilisha chakula. Ushauri wetu ni kwamba chakula kiwe cha mwisho kubadilishwa. Tabia nyingi za ulaji zinazoshangaza hutokana na mwanga, joto, maji au hali ya mwili wa mnyama mwenyewe, na baadhi yake hazihitaji tiba yoyote.

Kula majani ni mfano wa tabia isiyohitaji tiba, angalau kwa kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, ambaye asili yake ni Yemeni na Saudia na ambaye ni miongoni mwa wanaofugwa kwa wingi zaidi duniani. Huyu hula wadudu kama wenzake, lakini kadiri anavyokua huongeza majani, maua na vipande vya matunda katika mlo wake kwa hiari yake. Mfugaji aliyetangulia kufuga kinyonga chui wa Madagaska, Furcifer pardalis, ambaye hutegemea wadudu karibu kwa kila kitu, hudhani kuwa huyu wa Yemeni ana upungufu fulani, kumbe ndivyo alivyoumbwa. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba anachokitafuna hakimdhuru. Hibiskasi inafaa sana, majani na maua yake. Oleanda isiingie kizimbani kwa hali yoyote, kwa kuwa ni mmea wenye sumu kali. Mmea ulionunuliwa katika kitalu cha maua uoshwe majani yake pande zote mbili na ukae kwanza nje ya kizimba kwa wiki kadhaa, kwa sababu huenda ulipuliziwa dawa ya kuua wadudu. Mimea ya plastiki iondolewe kabisa palipo na kinyonga wa aina hii, maana huikata na kuimeza kama jani halisi, na kipande cha plastiki hakisagiki tumboni. Hukaa na kuziba njia ya utumbo.

Udongo ni suala lenye uzito zaidi, na lina vyanzo zaidi ya kimoja. Mara nyingine ni ajali tu, kwa kuwa ulimi uliolenga mdudu aliyeko chini hurudi mdomoni na mdudu pamoja na chochote kilichonata, na kinachonata si kidogo: ute ulioko kwenye ncha ya ulimi wa kinyonga umepimwa na kuonekana kuwa mzito takriban mara 400 kuliko mate ya binadamu. Lakini kinyonga anayeshuka kwa makusudi, siku baada ya siku, na kuuma udongo pasipo mdudu yeyote, achunguzwe kwanza kuhusu kalsiamu. Nyenje, ambao ndio chakula kikuu cha vinyonga wengi wanaofugwa, wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali mlo unaofaa kwa kinyonga unatakiwa kuwa kinyume chake, kalsiamu ikiwa karibu maradufu ya fosforasi. Ndiyo sababu wadudu hulishwa mboga za majani na vyakula vingine bora kwa siku moja au mbili kabla ya kutolewa, kisha wakapakwa unga wa kalsiamu dakika chache kabla ya kuachiwa kizimbani. Wakipakwa mapema mno, hujisafisha na unga huo wote huishia chini.

Hata hivyo, unga peke yake hautoshi. Kalsiamu hufyonzwa vizuri pale tu mwili unapokuwa na vitamini D3, na kinyonga huitengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi yake akipata mionzi ya urujuanimno aina ya UVB. Hapa ndipo wafugaji wengi hujidanganya bila kujua. Kizimba huwekwa karibu na dirisha lenye jua tele, mfugaji akaridhika, wakati kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote hiyo. Taa za UVB nazo huendelea kuwaka na kuangaza vizuri machoni petu muda mrefu baada ya nguvu ya mionzi yake kupungua, kwa hiyo zibadilishwe kwa kufuata muda uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa taa nyingi ni kati ya miezi 6 na 12, bila kungoja ziungue. Kinyonga aliyekosa kalsiamu kwa muda mrefu huanza kupinda miguu, taya lake hulainika, naye hushika matawi kwa kusitasita. Akifikia hapo, unga wa nyumbani hautamponya. Anahitaji daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa wanyama watambaao.

Wakati chanzo kikitafutwa, sakafu ya kizimba iachwe tupu au itandikwe karatasi. Vyungu vya mimea vifunikwe kwa mawe ambayo kila moja ni kubwa kuliko mdomo wa kinyonga, hasa kama udongo wake una zile chembe nyeupe nyepesi zinazochanganywa ili kuruhusu maji kupita, kwani hizo humvutia kwa weupe wake na hazisagiki.

Jike ana sababu nyingine ya kushuka chini. Jike wa kinyonga wa Yemeni aliyepevuka hutunga mayai hata kama hajawahi kukaa na dume, na mayai hayo sharti yatoke. Siku chache kabla ya kutaga, huacha kula au hula kidogo sana, hunywa maji zaidi, hutembea huku na huko kizimbani bila kutulia, kisha hushuka na kuanza kukwaruza sakafu kwa miguu ya mbele. Mfugaji asiyefahamu hali hii humlazimisha kula, jambo ambalo ni kosa kubwa. Awekewe chombo chenye mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kutosha kushikana ili shimo lisibomoke, kina chake kiwe kati ya sentimita 20 na 30, na aachwe bila kuchunguliwa. Jike anayehisi kutazamwa huweza kuacha kuchimba na kuzuia mayai, na mayai yaliyozuiliwa humuua.

Dalili inayopuuzwa sana kuliko zote iko kwenye ulimi, nayo inahitaji mfugaji akae na kutazama badala ya kuachia wadudu na kuondoka. Kinyonga mwenye afya humwelekezea mdudu macho yote mawili kwa pamoja, husogea mbele kidogo, hufungua mdomo taratibu hadi ncha ya ulimi ionekane, hutulia kwa kitambo kifupi, kisha hufyatua. Kinyonga mwenye tatizo hufika hatua ya kuonyesha ncha ya ulimi, halafu hufunga mdomo na kuanza upya, au hufyatua ulimi ukafika nusu ya njia, au hushika mdudu sawasawa na mdudu akaponyoka kana kwamba ulimi umekauka. Baadaye huacha kufyatua na kumfuata mdudu kumng'ata kwa taya. Anayemwona kwa mara ya kwanza husema amekuwa mvivu. Ulimi usiofika mbali mara nyingi huonyesha upungufu wa kalsiamu, ambayo misuli huihitaji ili ifanye kazi, au jeraha. Ulimi usionata, hasa ukiambatana na macho yaliyovimba au yanayofumbwa mchana, huweza kuonyesha upungufu wa vitamini A. Vitamini A isitolewe kwa kukisia, kwa kuwa ikizidi mwilini huwa sumu.

Kuhusu baridi, ulimi hautoi onyo la kutosha. Kufyatuka kwake hutegemea nyuzi zilizojikunja kama springi ndani ya ulimi, na nyuzi hizo hazidhoofiki sana kwa baridi. Kinachopungua kasi ni misuli inayourudisha. Kwa hiyo kinyonga huweza kukamata mdudu asubuhi yenye baridi, lakini asiwe na joto la kumsaga. Kwa vinyonga wa Yemeni na kinyonga chui, mahali pa kuota joto panatakiwa kufikia takriban nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, na chakula kitolewe baada ya kupata nafasi ya kuota. Chakula kilichotapikwa kikiwa hakijasagwa kinataka kipimajoto kiangaliwe kwanza.

Kugoma kula kwa siku chache si jambo la kutisha kwa mkubwa aliyenona. Hutokea anapokaribia kujivua gamba, dume anapokuwa katika msimu wa kutafuta jike, anapomwona kinyonga mwingine au sura yake mwenyewe kwenye kioo, na pia anapochoshwa na nyenje wale wale kila siku; hapo mpe panzi, mende wa kufugwa au viwavi wa hariri, na mara nyingi utaona macho yakichangamka papo hapo. Mtoto wa kinyonga hana akiba ya kuvumilia hivyo, na siku mbili bila kula kwake ni nyingi. Kabla ya yote, tazama sehemu nyeupe ya kinyesi, ambayo ndiyo mkojo wake. Ikigeuka rangi ya chungwa, ana kiu, na kinyonga mwenye kiu hali. Wengi wao hawatambui maji yaliyotulia bakulini. Hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, kwa hiyo majani yanyunyiziwe na tone lidondoke polepole kwa muda wa kutosha.

Ulafi haulalamikiwi, lakini nao ni tatizo. Mkubwa alishwe siku moja na kuachwa siku inayofuata, na jike anayejazwa chakula kila siku hutaga mayai mengi kupita kiasi, hali inayofupisha maisha yake. Mdudu asizidi upana ulioko kati ya macho ya kinyonga. Nyenje waliosalia jioni waondolewe, kwani usiku humng'ata kinyonga aliyelala. Vimulimuli wana sumu inayoweza kuua wanyama watambaao, hivyo wasitolewe kamwe, na wadudu wa shambani wasichukuliwe palipopuliziwa dawa. Vinyonga wadogo wasiwekwe pamoja na wakubwa, maana mkubwa huwala bila kusita. Akila gamba lake mwenyewe baada ya kujivua, mwache.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ndogo ya gramu, uandike. Ukishuka mfululizo, au choo kikikosekana huku tumbo limejaa, au macho yakifumbwa mchana, mpeleke kwa daktari pamoja na kinyesi kibichi kisichozidi siku moja ili kipimwe minyoo, na umweleze aina ya taa unayotumia, umri wake, na unga gani unaopaka wadudu na mara ngapi kwa wiki.