Roketi ya karatasi: kila kitu huamuliwa ndani ya sentimita 30

Nafundisha fizikia, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya kanieneo, yaani kani inayokandamiza kila kipande cha eneo, naingia darasani na chupa tupu ya soda ya lita 2 kwapani. Chupa ikikanyagwa, hewa yake hukimbilia kwenye bomba na kuirusha roketi ya karatasi iliyovalishwa juu yake. Roketi ya kwanza ikishapaa, wanafunzi wote wanataka jambo moja: akanyage yule mwenye mwili mkubwa. Nawaambia wangoje kwanza. Mguu tunao. Tunachokosa mara nyingi ni roketi inayoweza kuipokea hewa.

Chukua chupa hiyo, mpira wa maji wa kama mita 1, na bomba gumu la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 40. Unganisha mdomo wa chupa na mpira, kisha mpira na bomba, na kila kiungo ukizungushie utepe wa gundi mara kadhaa. Bomba lifunge wima kwenye mguu wa stuli. Usiurefushe mpira bila sababu, maana hewa iliyomo nayo inabidi ibanwe kabla roketi haijapata chochote.

Sasa roketi yenyewe, na hapa usifanye haraka. Zungushia bomba kipande cha karatasi nyembamba mzunguko mmoja, bila gundi. Juu yake viringisha karatasi ya A4 kwa urefu wake, ibandike, kisha chomoa ile ya ndani. Umepata mrija wa karibu sentimita 30 unaoteleza kwenye bomba bila kulegea. Ziba ncha moja kwa pua ya karatasi ngumu, ukiweka ndani yake kidonge cha udongo wa kufinyangia, halafu bandika mabawa matatu mkiani.

Kabla ya kukanyaga chochote, fanya jaribio ambalo mimi siliruki. Chupa ikiwa imejaa hewa, valisha roketi juu ya bomba kisha iachie. Ikiporomoka kama jiwe, kuna mahali hewa inatoroka: pembeni mwa bomba, kwenye pua au kwenye kiungo. Ikikwama kabisa, inabana mno. Iliyo nzuri hushuka taratibu, kama kitu kinachozama kwenye mafuta, kwa sababu hewa iliyo chini yake inaibeba na kuvuja kidogo kidogo. Mwanafunzi akiiona roketi yake ikielea namna hiyo kwa mara ya kwanza, nusu ya somo imekwisha kueleweka.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu wa kilo 50 ana uzito wa karibu niutoni 500. Soli yake ikikandamiza chupa kwenye eneo la sentimita za mraba 150, kanieneo ya ndani yaweza kupanda hadi kama kilopaskali 33 juu ya ile ya hewa ya nje. Tuseme 30. Tundu la mrija wa roketi, tulichukue kuwa la kipenyo cha sentimita 2, lina eneo la sentimita za mraba 3.14, kwa hiyo roketi inasukumwa kwa kani ya niutoni 9.4. Roketi ya gramu 10 ina uzito wa niutoni 0.1 tu! Inasukumwa kwa kani inayokaribia mara mia ya uzito wake. Msukumo huo ukidumu sentimita 30 zote, inatoka na kasi ya mita 24 hivi kwa sekunde, na muda iliokaa kwenye bomba ni sekunde 0.025.

Muda huo ndio wa kuufikiria. Mguu hauwezi kuishindilia chupa yote ndani ya sekunde 0.025, kwa hiyo roketi nyepesi mno huondoka hewa ikiwa bado haijabanwa vizuri. Ndiyo maana nasisitiza udongo puani. Gramu chache huichelewesha roketi, kanieneo inapata nafasi ya kupanda, na ikiwa angani haisimamishwi upesi na ukinzani wa hewa. Ukizidisha udongo, nayo inakuwa nzito na haifiki mbali. Ongeza gramu moja moja, rusha, pima.

Mwaka wangu wa kwanza tulikanyaga, tukasikia mlio mkubwa, tukatazama juu: pua peke yake ilikuwa inaruka, na mrija umebaki kwenye bomba. Tangu siku hiyo huwauliza wanafunzi hewa inasukuma wapi hasa. Haisukumi kuta za mrija kwenda juu, inasukuma pua. Mrija unavutwa na pua kupitia gundi ya pale juu, basi ipake kwa ukarimu na uiache ikauke.

Roketi ikishaacha mdomo wa bomba haisukumwi tena. Kuanzia hapo ni kama mshale. Ilaze juu ya kidole: mahali inaposawazika pawe karibu na pua kuliko katikati, la sivyo itabiringika.

Usiinamie bomba kamwe, hata chupa ikionekana imelala. Vaeni miwani ya kinga, na anayekanyaga ahesabu kwa sauti. Wala usibadilishe mguu kwa kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, hata kama bomba lako la plastiki huhimili maji. Maji hayabanwi kwa urahisi, hivyo bomba la maji likipasuka msukumo wake huisha mara moja. Hewa iliyobanwa hujifyatua kama springi, na plastiki ngumu huvunjika vipande vyenye makali.

Ili kulinganisha roketi mbili kwa haki, acha miguu kabisa. Angusha mfuko wa mchanga wa kilo 5 juu ya chupa kutoka mita 1, bomba likiwa limeinama nyuzi 45, upime umbali kwa hatua zako mwenyewe. Baada ya kila mrusho jaza chupa kwa kupuliza kupitia ngumi uliyoizungushia mdomo wa bomba, mpaka mikunjo yote inyooke.