Namna ya kuiona nyukliolasi kwa kitunguu, na kujua inafanya nini

Wanafunzi wanaichora kama nukta tu ndani ya kiini cha seli, ukiuliza kazi yake unaambiwa "inatengeneza ribosomu" (vile vimashine vya seli vya kutengeneza protini), basi imeisha hiyo. Leo tuiangalie wenyewe.

1. Kata kitunguu maji, toa ganda moja nene, livunje taratibu, upande wake wa ndani utaona kingozi chembamba kama nailoni. Kivute na koleo ukitandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi, kisijikunje.

2. Weka tone la ayodini, subiri dakika tatu hivi, ndo ufunike na kile kioo chembamba, kilaze kwa mshazari hewa itoke. Ukiona duara lenye ukingo mweusi mnene hilo ni povu, usilichore (wanalichora sana!).

3. Weka slaidi kwenye hadubini, anza na lenzi ya 10, tafuta kiini, kile kidoa cha kahawia, kiweke katikati ndo uhamie lenzi ya 40. Hapa punguza mwanga, maana ukiwa mkali huoni kitu, halafu zungusha skrubu ndogo polepole mbele na nyuma mpaka vitokee vidoa viwili vitatu vilivyokolea ndani ya kiini, pengine kimoja tu. Hizo ndo nyukliolasi zenyewe.

4. Sasa kazi yake. Haina utando, ni RNA (nakala zinazotolewa kwenye jeni) na protini zilizojikusanya penye jeni za RNA ya ribosomu, kwa binadamu jeni hizo ziko kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22. Jeni zinanakiliwa, RNA inakatwakatwa, inafungwa na protini zinazotoka saitoplazimu (sehemu ya seli iliyo nje ya kiini), vinapatikana vipande viwili, kikubwa na kidogo, kila kimoja kinatoka kivyake kwenye vitundu vya kiini na vinakutana huko nje kwenye kazi ya kutengeneza protini. Kwa hiyo usiandike kwenye mtihani kwamba ribosomu nzima inatoka kwenye kiini.

5. Kama maabara ina slaidi ya ncha ya mzizi wa kitunguu, iweke. Seli zinazojiandaa kugawanyika zina nyukliolasi kubwa kwa sababu zinahitaji ribosomu kibao, ila zile ambazo kromosomu zimeshajipanga katikati utatafuta mpaka uchoke, haipo, unakili wa jeni zile umesimama. Inarudi kwenye telofezi, hatua ya mwisho ya kugawanyika. Kwa vile nyukliolasi kubwa huendana na seli zinazojiandaa kugawanyika, madaktari wanaochunguza vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa wakizikuta wanashtuka, wanawaza saratani, ingawa ukubwa peke yake hautoshi, hata seli za ini linalojijenga upya baada ya kuumia zinakuwa hivyohivyo.